GPA 4.1 nimekosa ufadhili wa Erasmus Mundus, mwenye 3.4 kapata kozi hiyohiyo. Vigezo ni vipi hasa?

#1 KisimaKirefu
Wakuu, salaam. Nina shahada ya uhandisi wa ujenzi, GPA 4.1 kati ya 5. Niliomba masta ya maji ya chini ya ardhi, ile inayosomwa Lisbon, Delft na Dresden, kwa ufadhili wa Erasmus Mundus, ule wa Umoja wa Ulaya. Majibu yametoka: nimekubaliwa kusoma, ila kwa kujilipia mwenyewe. Ufadhili sina, na hata kwenye orodha ya akiba simo.

Hapo ningenyamaza. Lakini kuna jamaa tuliyejuana kwenye kundi la WhatsApp la waombaji, Mtanzania mwenzangu, kapewa ufadhili kamili na GPA yake ni 3.4. Kwa viwango vya kwetu hilo ni daraja la pili la chini, maana la juu linaanzia 3.5. Ukurasa wa vigezo nimeusoma mstari kwa mstari, pengo langu silioni. Je, GPA haina kazi? Au kuna mlango mwingine ambao wengine hatuonyeshwi?

#2 Ngosha_Mzito
Pole mkuu. Mimi sizunguki: kujuana. Watu wanadhani kujuana kuko Bongo tu.

#3 MwalimuTabora
Nimekaa mstari wa mbele nawasubiri wajuzi. Na mimi nina langu: nina miaka 38, hawa Erasmus wana kikomo cha umri?

#4 Bi_Shamsa
Asalaam aleikum. Nimesoma kwa ufadhili huo, upande wa afya ya jamii, kwa hiyo nasema ninayoyajua.

Ndugu KisimaKirefu, umechanganya kukidhi vigezo na kuchaguliwa. Vigezo vya Umoja wa Ulaya wenyewe ni vichache sana: uwe umemaliza shahada ya kwanza kabla masomo hayajaanza, na usiwe umewahi kupata ufadhili huohuo wa masta huko nyuma. Umri hawaulizi, Mwalimu, omba. Mengine yote, kiwango cha chini cha GPA, cheti cha Kiingereza, fani ya shahada, hupangwa na muungano wa vyuo vinavyoendesha kozi, na kila kozi ina yake. Ukishavuka hapo unaingia kwenye alama, na baadhi ya kozi huzianika kwenye tovuti yao. Kaitafute hiyo jedwali. Utakuta matokeo ya chuo ni sehemu tu, kuna barua ya kujieleza, kuna uzoefu, kuna wadhamini.

Kuhusu kujuana, kamati inatoka vyuo zaidi ya kimoja na nchi zaidi ya moja. Kumjua mmoja wao hakukufikishi.

#5 Ngosha_Mzito
Bi Shamsa, wewe ulipata, lazima uutetee mfumo.

#6 Jakondele
Niko Kisumu, naongezea kidogo. Kumbukeni mtu haruhusiwi kuomba zaidi ya kozi tatu kwa mwaka. Posho ni euro 1,000 kwa mwezi na nauli wanakupa kando. Na kama umeishi Ulaya zaidi ya miezi 12 ndani ya miaka mitano iliyopita, unawekwa kundi lingine lenye nafasi chache.

#7 Bi_Shamsa
Kaka Jakondele, hayo ni ya kanuni za 2014 hadi 2020. Kwa kozi zilizosaini mkataba kuanzia 2021 posho ni euro 1,400 kwa mwezi, isiyozidi miezi 24, ada na bima hulipi. Nauli ya kando haipo tena: ndani ya hiyo 1,400 mna tiketi, mna viza, mna kodi ya chumba. Kikomo cha kozi tatu kimeondoka, na ule mstari wa miezi 12 umeondoka. Shida ni kwamba kurasa za zamani bado zinazunguka mitandaoni na watu wanazinakili kila msimu kama habari mpya.

#8 Mtu_wa_Ruwi
Nipo Muscat, nafuatilia kimyakimya. Bi Shamsa umenitua mzigo. Mdogo wangu yuko Hamburg mwaka wa tatu sasa, alikwenda kama yaya, akaambiwa na mtu wa kundi la Facebook kwamba Erasmus Mundus asahau kwa sababu ya hiyo miezi 12. Msimu mzima umempita. Leo hii namtumia uzi huu.

#9 Mchambuzi_Kigogo
Naleta sababu ambayo hamjaigusa: uraia. Kuna kanuni kwamba watu wa taifa moja wasizidi asilimia 10 ya ufadhili wote wa kozi. Kwa kawaida kozi hupewa ufadhili usiozidi 60 kwa muda wote wa mkataba, yaani makundi yote ya kuingia yakijumlishwa, wala si kila mwaka. Asilimia 10 ya 60 ni watu 6. Kama Watanzania waliotangulia wameshajaza, au ilibaki nafasi moja na wewe na jamaa yako mkaigombea, 4.1 yako inagonga ukuta hata kama Mnepali mwenye alama pungufu kapita.

#10 KisimaKirefu
Mchambuzi, hili la uraia sikulijua kabisa. Sasa kama ilikuwa nafasi moja na tuko wawili, si ndiyo swali langu linazidi uzito? Kwa nini aende wa 3.4?

#11 Jakondele
Mchambuzi, nimeenda kuangalia. Hiyo asilimia 10 haigusi nafasi za nyongeza, zile zinazotengwa kwa kanda maalumu za dunia, na Afrika kusini mwa Sahara ni mojawapo. Kwa hiyo Mtanzania anaweza kuchukuliwa kupitia dirisha hilo bila kuhesabiwa kwenye wale sita.

#12 Mchambuzi_Kigogo
Kweli, ila si kila kozi ina hizo nyongeza, ni zile tu zilizoziomba zikapewa. Nabaki na hoja yangu mpaka mtu alete orodha ya waliochaguliwa.

#13 Fundi_wa_Visima
Wakuu, jamaa wa 3.4 ni mimi. KisimaKirefu, hukuniambia unafungua uzi, ungenitag tu.

Simjui mtu yeyote Delft wala Lisbon. Shahada yangu ni jiolojia. Mwaka wa kwanza baba aliugua, nikawa nasoma huku namuuguza, ndiyo maana GPA iko pale. Nikamwomba mdhamini mmoja aeleze hilo kwenye barua yake, kwamba miaka miwili ya mwisho alama zangu zilikuwa za daraja la juu, na transkripti inaonyesha hivyohivyo. Baada ya chuo nimekuwa kwenye uchimbaji wa visima Arumeru na Hai.

Barua yangu ilianza na kisima kimoja chini ya Mlima Meru. Tulichimba, maji yakatoka mengi, kijiji kikachinja mbuzi. Majibu ya maabara yakaja, floraidi miligramu 9 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi 1.5, na sisi nchini tuliruhusu hadi 4 kwa miaka mingi. Kisima kikafungwa, kina mama wakarudi kwenye kijito. Mchimbaji analipwa kwa mita aliyochimba, maji yawe mazuri au mabaya. Nikawaandikia kwamba nataka kujifunza kulisoma tabaka la mwamba kabla chuma hakijashuka, nikataja na mhadhiri wa kozi yao mwenye machapisho kuhusu kemia ya maji ya ardhini. Nikaambatisha kurasa za daftari langu la visima: kina, aina ya mwamba, vipimo vya maji. Basi.

#14 MamaTwins_Usa
Naomba nichepuke. Mimi wa Usa River, Fundi umesema kitu cha kwetu. Watoto huku wanaota meno ya ukubwani yakiwa tayari na rangi ya kahawia, na wazee wengine miguu imepinda. Kuna kituo cha utafiti wa floraidi pale Ngurdoto, walikuwa wanatufundisha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kijana, nenda ukasome urudi.

#15 Ngosha_Mzito
Na Shinyanga pia ipo hiyo floraidi msisahau, si Arusha peke yake. Meno ya babu yangu ni ushahidi. Fundi, hapo kwenye daftari nakupa heko, ila sijafuta neno langu la kujuana.

#16 KisimaKirefu
Fundi, hongera na sina kinyongo na wewe, najua baba yako alivyokutegemea. Ila nisimame kwenye hoja. Habari ya kisima inagusa moyo, lakini kamati inapimaje? Mimi nilisoma haidrolojia, nilisoma ufundi wa udongo, na barua yangu ilipitiwa na mhadhiri wangu. Mbali na hapo nina 7.5 ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza.

#17 Dada_Sabasaba
KisimaKirefu, tuwekee aya ya kwanza ya barua yako hapa tuione.

#18 KisimaKirefu
"Tangu nikiwa mtoto nimevutiwa na umuhimu wa maji kwa maendeleo ya jamii. Maji ni uhai, na nchi yangu inakabiliwa na changamoto nyingi za upatikanaji wa maji safi na salama. Kwa shahada yenu nitapata maarifa yatakayoniwezesha kuchangia Malengo ya Maendeleo Endelevu."

Naitafsiri kutoka Kiingereza, ila ndivyo ilivyo.

#19 Dada_Sabasaba
Mkuu, kwa upendo kabisa: hiyo aya mtu wa Lima anaweza kuisaini, na wa Dhaka, na wa Kampala. Wanasoma barua mamia. Ya Fundi hawezi kuisaini mtu mwingine yeyote.

#20 Kivu_Kusini
Salamu kutoka Bukavu. Mimi sikubaliani na Dada. Hapa kwetu vijana wameandika barua nzuri sana zenye maisha yao ya kweli, vita, kukimbia, yote, na hawakupata. Ninavyoona mimi ni fani. Kozi ni ya maji ya ardhini, mwenye jiolojia yuko nyumbani, mwenye ujenzi anatoka kwa jirani. GPA ya 4.1 kwenye zege na nondo haiwaambii kitu kuhusu mwamba.

Swali langu sasa: shahada yangu nimesoma kwa Kifaransa, je, kuna namna ya kukwepa mtihani wa Kiingereza?

#21 Jakondele
Kivu, wa Kenya na Tanzania tuna barua ya chuo kuthibitisha tulisoma kwa Kiingereza, na bado kuna kozi zinaikataa zinataka mtihani. Wewe wa Kifaransa fanya mtihani tu, na kumbuka IELTS inakaa miaka miwili inaisha nguvu. Lakini kwa nini uhangaike na Kiingereza peke yake? Ubelgiji wana ufadhili wa ARES kwa vyuo vyao vya Kifaransa, na Kongo imo kwenye orodha.

#22 Kivu_Kusini
Aksanti sana. ARES nimeomba tayari. Nataka nyavu mbili majini.

#23 Kijana_wa_Makole
Hakuna aliyewagusa wadhamini zaidi ya Fundi. Kwangu mimi hapo ndipo panapoua watu. Ukijaza majina yao, mfumo unawatumia kiungo kwa barua pepe, na barua inatoka kwao moja kwa moja. Mhadhiri wangu wa chuo fulani alikuwa ameshastaafu, anwani ya chuo haifungui tena, kiungo kikakaa huko hadi siku ya mwisho ikapita. Mfumo ukaandika "ombi halijakamilika", hakuna wa kumlilia. Msimu uliofuata nilimfuata mdhamini nyumbani kwake Area C nikakaa naye sebuleni mpaka akabonyeza kitufe cha kutuma.

KisimaKirefu, una uhakika gani barua za wadhamini wako zilisema nini? Wapo wanaojaza mistari minne, "namfahamu huyu kijana, ana nidhamu", wanakwenda zao.

#24 KisimaKirefu
Hazionyeshwi kwa mwombaji, siwezi kujua.

#25 MwalimuTabora
Naomba msinisahau wazee. Erasmus nimeelewa umri si tatizo. Kuna mtu kaniambia niombe CSC, mwingine kaniambia CSC hawachukui zaidi ya 35. Nimsikilize nani?

#26 Mchambuzi_Kigogo
Mwalimu, wote wawili wako sahihi, wanazungumzia CSC mbili. Moja ni ya China, ufadhili wa serikali yao, masta wanataka uwe chini ya miaka 35. Hiyo imekupita. Ya pili ni tume ya Uingereza ya ufadhili wa Jumuiya ya Madola, hiyo haikutupi nje kwa miaka 38. Ila angalia matokeo yako: wanataka angalau daraja la pili la juu, au la chini ukiwa na masta nyingine inayohusiana. Waturuki wanataka chini ya 30 kwa masta, wale usihangaike nao.

#27 Fundi_wa_Visima
Mnaona basi? Kwa ile ya Jumuiya ya Madola mimi wa 3.4 nisingepita hata mlangoni, na KisimaKirefu angepita anatembea. Mkuu, hiyo ndiyo ya kwako. GPA yako ina thamani pale kuliko hapa.

#28 Mtu_wa_Ruwi
Ufadhili wa Chevening wa Uingereza je? Na mtu akiwa anaishi Oman?

#29 Dada_Sabasaba
Chevening inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, wao wanahesabu saa 2,800, hata kazi ya muda au ya kujitolea inaingia kwenye hesabu. Ni masta ya mwaka mmoja, na unasaini kwamba ukimaliza unarudi nchini kwako ukae angalau miaka miwili. Kama umejenga maisha Muscat, hilo la kurudi lipime vizuri kabla ya kugusa fomu.

#30 Bi_Shamsa
Nirudi kwenye Erasmus, kuna jambo linawakwamisha wa kwetu nalo ni dogo: uthibitisho wa makazi. Kozi nyingine bado wanautaka, usiwe umepita miezi 12 tangu utolewe. Mimi nilikwenda kwa sheha nikaandikiwa barua, muhuri akaugonga juu ya tarehe, wino wa zambarau umetapakaa, mwaka hausomeki. Nikaichanganua nikaituma, ikarudi. Ikabidi sheha aandike upya, tarehe kwa maneno na kwa tarakimu, muhuri pembeni, kisha nikaipeleka kwa mkalimani anayetambulika. Usingojee Januari kufanya hivyo. Kozi nyingi dirisha linafunguliwa Oktoba na kufungwa kati ya Desemba na Februari, na wengine wanafunga mapema kwa wanaoomba ufadhili.

Jengine: posho huanza kuingia ukishafika na kufungua akaunti, kwa kozi nyingi. Tiketi yangu ilichangiwa na ukoo mzima, na mwezi wa kwanza mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi miwili pamoja na amana. Mliopata, jipangeni mapema, viza ya nchi ya kwanza nayo ina foleni yake, na mkihamia nchi ya pili mnaanza upya na vibali.

#31 Fundi_wa_Visima
Hili la tiketi ndilo linaloninyima usingizi kwa sasa. Bi Shamsa naomba nikufuate inbox.

#32 Bi_Shamsa
Karibu.

#33 Ngosha_Mzito
Mimi nauliza: KisimaKirefu amekubaliwa kujilipia. Kwa nini asiende tu, atafute kazi hukohuko, mwaka wa pili aombe ufadhili akiwa ndani?

#34 Jakondele
Ngosha, hapana, usimpeleke mtu huko. Ufadhili wa Erasmus Mundus unatolewa mwanzoni kwa kozi nzima, huutafuti ukiwa darasani mwaka wa pili. Na ukienda kwa kujilipia, viza yenyewe watataka waone pesa ya kujikimu benki. Nina binamu aliuza shamba Nyakach kwa ajili ya chuo kimoja cha nje, muhula wa pili ada ikamshinda akarudi bila cheti na bila shamba.

#35 KisimaKirefu
Jakondele, shamba halipo la kuuza. Ile nafasi ya kujilipia nimeikataa jana.

Nawashukuru wote. Niseme ninaposimama. Barua, nakubali ya Fundi ina nguvu. Fani, Kivu ana hoja, ingawa kwenye kundi letu yupo Muethiopia wa ujenzi kama mimi na kapata ufadhili, kwa hiyo fani peke yake haitoshi kueleza. Uraia, Mchambuzi na Jakondele hawajakubaliana na mimi sina orodha mkononi. Wadhamini, giza tupu. Nimewaandikia waratibu kuomba alama zangu kwa kila kipengele.

#36 Kivu_Kusini
Huyo Muethiopia ana uzoefu gani wa kazi?

#37 KisimaKirefu
Yuko wizara ya maji kwao, miaka kadhaa.

#38 Kivu_Kusini
Basi si ujenzi tena huo, ni maji. Hoja yangu bado imesimama.

#39 MwalimuTabora
Nimeamua: Erasmus kozi za elimu, na ile ya Madola. Nina swali la mwisho kwa watumishi wenzangu. Kibali cha mwajiri cha kwenda masomoni unakiomba kabla ya kuomba ufadhili au ukishapata barua ya kukubaliwa? Mkurugenzi wetu anasema hawezi kusaini kitu ambacho hakipo, na fomu ya Madola sijui kama nayo inataka kitu kutoka kwake.

#40 Kijana_wa_Makole
Mwalimu, halmashauri yetu walinikubalia baada ya barua ya kukubaliwa kuwepo mezani, ila nilishamwandikia ofisa utumishi barua ya kusudio miezi mingi kabla, nakala ipo kwenye faili. Ilipofika zamu hakushangaa. Fomu ya Madola sijaijaza, waulize walioipitia.

#41 Bi_Shamsa
KisimaKirefu, kuhusu waratibu: angalia kwenye barua ya majibu kama wameweka muda wa kukata rufaa, mara nyingi ni mfupi. Andika namba ya ombi lako kwenye kichwa cha barua pepe, omba alama kwa kipengele na nafasi yako kwenye orodha, usimtaje Fundi. Wengine hutoa, wengine hujibu kwamba uamuzi ni wa mwisho. Ukipata alama ziweke hapa, hata mimi nataka kuona GPA ya 4.1 waliipa ngapi.